Bawabu Asiyeruhusiwa Kupiga Mtu

Alcide Pelletier alikuwa na pua iliyovunjwa mara nyingi mno hata yenyewe ikakata tamaa ya kunyooka. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kununua, nyusi zake zilikuwa makovu matupu, na vifundo vya vidole vyake vilivimba kama tangawizi. Ukimwona amesimama kwenye mlango wa Nyumba ya Mtakatifu Aleksi, kule mlimani Duluth, ungedhani umefika baa ya mabaharia, si nyumba ya Wakatoliki waliojitoa kulisha maskini na kupinga vita. Wengi walidhani hivyo. Baadhi yao waliagiza bia.

"Bia iliishia Kana," Alcide alikuwa akiwajibu. "Ingia unywe supu, na Mungu akusaidie."

Alizaliwa Kapuskasing, kaskazini mwa Ontario kule Kanada, katika familia ya Kifaransa yenye watoto wengi kiasi kwamba mama yake, akitaka kumwita mmoja, ilimbidi ayapitie majina yote mpaka alifikie lile alilolitafuta. Paroko alitaka Alcide awe padre. Kocha wa hoki alitaka awe ngumi. Kocha akashinda, kwa kuwa ndiye aliyekuja na viatu vya kutelezea barafuni.

Katika hoki ya barafuni kila timu huwa na wafungaji wake, na huwa na mtu mmoja wa kuwalinda hao wafungaji. Kazi yake ni kutupa glavu chini, kumkamata mbabe wa upande wa pili kifuani, na kumtwanga mpaka refa aone imetosha. Alcide alikuwa mtu huyo katika ligi ndogo, kuanzia Sudbury hadi Duluth. Mabao aliyofunga maishani yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, tena vile ambavyo havikuwahi kuvunjika. Lakini mashabiki walimpenda, wanawake walimpenda, na mwenye baa alimpenda kupita wote.

Magoti yalipogoma, timu ikamwacha. Akafanya kazi ya kupakia ngano bandarini, akanywa, akapakia, akanywa, mwishowe akawa anakunywa tu. Mkewe Germaine akarudi kwao Timmins, akaondoka na vyombo, redio na mbwa. Alcide alisema mbwa ndiye aliyemuuma zaidi, na hakuwa na maana ya meno.

Siku aliyoanguka kwenye ukumbi wa mbele wa Nyumba ya Mtakatifu Aleksi, hakuwa akitafuta wokovu. Alikuwa akitafuta mahali pa kukojoa. Mlango ukafunguliwa, akatokea mama mmoja mwembamba kama mshumaa uliobaki tangu Pasaka ya mwaka jana, amevaa koti la kiume. Huyo alikuwa Winifred Drury. Zamani alikuwa sista, akafundisha Kilatini mpaka akachoka kuwafundisha watoto wa matajiri, akavua shela, akakodi ile nyumba mbovu pamoja na rafiki zake wachache. Hakuna aliyelipwa mshahara. Walikula walichokula wageni, wakalala vyumba walivyolala wageni, na wenye nyumba mjini walipowafukuza wapangaji wakati wa baridi, walikwenda kuketi kwenye ngazi zao wakaimba rozari kwa sauti mbaya mpaka wapangaji warudishwe.

Winifred akamshika Alcide ukosi.

"Mimi ni mlevi," Alcide akasema, kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Hilo naliona. Unaweza kumenya karoti?"

"Siwezi hata kusimama."

"Karoti humenywa mtu amekaa."

Akamenya karoti. Nyingine alizimenya mpaka zikaisha. Alikusudia kuondoka kesho yake, lakini kesho yake ilikuwa na tufani ya theluji, na keshokutwa ilikuwa na vitunguu.

Alipokuwa amekaa bila kunywa muda wa kutosha hata mikono ikaacha kutetemeka, Winifred alimwita jikoni. Bawabu wa wakati ule, bwana mmoja mpole aliyekuwa akiandika mashairi, alikuwa amepigwa kiti cha kichwa na mgeni, akaamua kurudi kwa mama yake. Winifred aliitazama pua ya Alcide kwa muda, kama mtu anayekagua gari kuukuu.

"Wewe utashika mlango."

"Unataka niwatoe nje wakorofi?"

"Nataka uwapokee."

"Na wakinipiga?"

"Umezoea."

"Na mimi nikiwapiga?"

"Siku hiyo utahama hapa," Winifred akasema. "Nitakulilia, Alcide, lakini utahama."

Basi Alcide akawa bawabu asiyeruhusiwa kupiga mtu. Kwa mtu wa namna yake ilikuwa sawa na kumpa paka kazi ya kulinda samaki na kumwambia asinuse. Akajizoesha kuvitia vidole gumba ndani ya kanda za suruali, zile zinazopita mabegani, na kuvishikilia humo. Mtu akimtemea mate, kanda zilivutika. Mtu akimtukania mama yake, kanda zilivutika mpaka zikalia. Na yeye akatukana, lakini kwa desturi ya kwao. Wafaransa wa Kanada hawatukani kwa viungo vya mwili, hutukana kwa vyombo vya altareni: tabernakulo, kalisi, hostia, siboriumu, vyote kwa pumzi moja. Winifred alipomsikia mara ya kwanza alidhani anasali, akamsifu.

Kuhusu dini yenyewe, Alcide alikuwa na msimamo wake. Misa alikwenda, kwa sababu kanisani kulikuwa na joto. Mtakatifu Aleksi, ambaye inasemekana aliishi kama ombaomba chini ya ngazi za nyumba ya baba yake mwenyewe bila kujitambulisha, alimwona mvivu. "Baba mtu ana nyumba kubwa, mtoto analala chini ya ngazi anamwagiwa maji ya vyombo," alisema. "Kwetu tungemwita mpumbavu. Hapa wamempa sanamu." Juu ya hilo la kutotumia nguvu, alimwambia Winifred waziwazi kwamba haliamini, ila analitii, kama mtu anavyotii daktari.

"Inatosha," Winifred akajibu. "Hata mimi zipo siku siliamini."

Jumamosi, baada ya supu, wageni walibaki mezani wakinywa kahawa nyepesi ya nyumba ile, ambayo unaweza kuona sarafu chini ya kikombe, na Alcide aliwapa hadithi. Hadithi iliyopendwa ilikuwa ile ya Reino Tuominen, mbabe wa Port Arthur, Mfini mrefu kama mnara. Kila Jumamosi Tuominen aliongezeka urefu kidogo. Kila Jumamosi Alcide alimpiga ya kulia, akampiga ya kushoto, na uwanja mzima ukasimama kushangilia.

Jumamosi moja ya Novemba, theluji ikianguka ya majimaji, alikuwa amefika pale penye utamu.

"Nikambandika ya kushoto," akasema, "Tuominen akalala kama kichanga kilichokwisha kunyonya."

Kwenye kona, mgeni mmoja aliyekuja kwa mara ya kwanza siku ile akaweka kijiko chini. Alikuwa mzee mrefu, ndevu zimejaa makombo ya mkate, mguu mmoja ameufunga kwa mfuko wa plastiki juu ya soksi.

"Alilala vipi?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo Tuominen. Alilala chali au kifudifudi?"

"Chali," Alcide akasema.

"Ajabu. Maana mimi nakumbuka nilikuwa nimesimama, na wewe uko magotini unatafuta meno yako."

Alcide alimtazama yule mzee kuanzia kwenye mfuko wa plastiki, akapanda mpaka kwenye macho, macho ya samawati yaliyofifia, akayatambua. Winifred akaingia na birika, akaona nyuso zile, akauliza kuna nini.

"Sista, huyu mtu ni maiti," Alcide akasema. "Nilimuua mwenyewe Port Arthur."

"Mimi si Sista tena. Na wewe, mzee, umekuja kupigana?"

"Nimekuja kula, mama," Reino Tuominen akajibu. "Kupigana nitapigana nikishiba. Ila kwa supu hii, sijui kama nitashiba."

Alikuwa amekata miti misituni baada ya hoki, kisha akaumia mgongo, kisha akaishi ndani ya gari. Baridi ya mwaka uliopita ilimla vidole viwili vya mguu ndani ya gari hilo, na kidonda hakikufunga. Kitanda kilichokuwa wazi katika nyumba nzima kilikuwa kimoja tu, kwenye chumba cha Alcide.

"Kile naweka viatu vyangu," Alcide akalalamika.

"Viatu vitalala sakafuni," Winifred akasema. "Bwana wetu alilala kwenye hori la ng'ombe."

"Ng'ombe hawakusema kwamba walimpiga."

Reino akahamia. Wageni wakakaa mkao wa kutazama, wengine wakawekeana dau la sigara nani atamtupa nani dirishani. Hakuna aliyetupwa, lakini maneno yalitupwa mchana kutwa. Reino alikuwa Mlutheri, na tangu alipozinduka asubuhi alikuwa na neno juu ya sanamu, juu ya rozari, juu ya Papa. Alcide, ambaye mwenyewe aliwasema watakatifu vibaya kuliko yeyote, alikuta hapendi kusikia mtu wa nje akiwasema.

Muuguzi wa zahanati alisema kidonda kioshwe kila siku kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Reino hakuweza kuinama kwa sababu ya mgongo. Winifred akampa Alcide beseni bila kusema kitu, akaondoka upesi kabla hajapata jibu. Basi kila asubuhi Alcide alipiga magoti, yale magoti mabovu, akaosha mguu huku akimtukana mwenye mguu.

"Ninyi Wakatoliki mnapenda miguu sana," Reino alimwambia. "Kila Kwaresima mnaoshana."

"Na ninyi Walutheri hamuoshani. Ndiyo maana wako unanuka hivi."

"Unanuka kwa kuwa unashikwa na mtu aliyeshindwa Port Arthur."

"Sema tena nikutie chumvi yote ya kopo."

Lakini maji hayakuwahi kuwa ya moto mno, na chumvi haikuzidi. Ilipofika mwisho wa baridi, nyama mpya nyekundu ilikuwa imeanza kujifunga pembeni mwa kidonda. Alcide alimwita Winifred aje aone, kama mtu anayeonyesha bustani yake.

Kila Ijumaa Kuu watu wa nyumba ile walifanya Njia ya Msalaba, si kanisani, bali barabarani, kutoka mjini mpaka kwenye lango la kiwanda kilichotengeneza vipuri vya makombora. Huko walisali, wakaketi mbele ya lango, wakakamatwa na polisi. Kwa Winifred kukamatwa kulikuwa sehemu ya ibada. Mwaka ule wa themanini na nne alijiandaa kuliko miaka yote. Alikula mkate na maji tu wiki nzima, akaungama, akatia mswaki ndani ya soksi ili awe nao mahabusu.

Msalaba ulikuwa boriti mbili za ghala lililobomolewa, uzito wake si mchezo. Alcide alipewa kubeba kichwa cha mbele. Wa nyuma alitafutwa, wenye nguvu wakawa na udhuru, na Reino akanyoosha mkono.

"Wewe huamini haya mambo," Alcide akamwambia.

"Nalala kwenu, nakula kwenu. Acha na ujinga wenu niubebe kidogo."

Wakaenda. Upepo ulitoka ziwani ukiwa na wembe, na barabara ilikuwa na barafu chini ya maji ya theluji. Kikundi kilikuwa kidogo: Winifred mbele na kitabu cha sala, masista wazee wawili, mwalimu mmoja na mkewe, wageni wachache waliosikia kwamba mwisho kutakuwa na mikate ya Ijumaa Kuu. Langoni Sajenti Lundquist na vijana wake walikuwa wakiwangoja, wakinywa kahawa ndani ya magari.

Walipofika kituo cha tisa, hatua chache tu kutoka langoni, Yesu anaanguka mara ya tatu, Winifred akasoma, na Alcide akateleza. Alikwenda chini kwa goti, msalaba ukamwegemea begani. Wote wakadhani ameigiza kwa uchaji, na sista mmoja akafuta chozi. Reino, kutoka nyuma, akacheka.

"Hivyohivyo," akasema. "Hivyohivyo ndivyo ulivyokwenda chini Port Arthur."

Alcide akainuka taratibu. "Niliteleza," akasema. "Leo nimeteleza, na siku ile niliteleza. Hukunigusa."

"Kwa hiyo leo unakiri ulianguka. Kila Jumamosi mimi ndiye niliyekuwa chali."

"Nyamaza, tunasali."

"Wewe sali. Mimi nacheka tu. Mwongo wa Kifaransa, pua kama kiazi."

Alcide aliziwaza kanda za suruali. Lakini mikono ilikuwa kwenye boriti, na ilipoachia boriti haikwenda kwenye kanda. Msalaba ukaanguka, upande wa nyuma ukatua juu ya mguu mbovu wa Reino. Reino akapiga ukelele kwa Kifini, akaruka na mguu mmoja, akamtandika Alcide ngumi ya taya. Meno ya kununua yakatoka, yakateleza kwenye barafu mpaka chini ya gari la polisi.

Hapo tena hakuna aliyekumbuka ni siku gani katika kalenda ya Kanisa. Wakashikana kifuani kama zamani, kila mmoja akimvuta mwenzake koti juu ya kichwa ili asione, wakazunguka, wakatwangana, wazee wawili wenye umri wa babu, wakipumua kama mivukuto ya mhunzi. Wageni waliokuja kwa ajili ya mikate wakasahau mikate. Mtu akaita, "Mlutheri anaongoza!" Mwalimu alijaribu kuwaamua akapigwa kiwiko cha pua kwa bahati mbaya.

Winifred, alipoona polisi wanashuka magarini, alifanya alichokuja kufanya. Akalala barabarani mbele ya lango, mikono kifuani, akafumba macho. Lundquist akamfikia, akasimama.

"Mama Drury, amka. Leo hatukamati mtu wa sala. Mwaka jana makaratasi yalinila Pasaka yote."

"Nimevunja sheria."

"Umelala tu." Akavua koti lake la polisi, akamfunika, akamruka kwa heshima, akaenda kuwatia pingu Alcide na Reino.

Kwa hiyo siku ile, katika maandamano ya kupinga vita na kutetea amani, waliokamatwa walikuwa wawili tu, tena kwa kosa la kupigana. Gazeti la mji liliwapa ukurasa wa kwanza, na picha.

Mahabusu waliwekwa seli moja, kwa kuwa nyingine ilikuwa ikipakwa rangi. Reino alikaa kwenye benchi, mguu ameunyoosha. Alcide alikaa upande wa pili, mdomo umebonyea bila meno. Kisha Alcide akaomba maji kwa askari, akaomba na chumvi. Askari alidhani ni mzaha, lakini akaleta. Alcide akapiga magoti, akavua soksi, akaanza kuosha. Kidonda kilikuwa kimefunguka tena, miezi yote ile ya kazi imekwenda kwa boriti moja.

"Sikukusudia uangukie mguu," akasema.

"Najua. Ungekusudia, usingelenga vizuri hivyo."

Alcide hakucheka. "Unajua kilichonitisha?" akasema. "Si kwamba nilipiga. Ni kwamba mikono ilifurahi. Nimekaa miaka mlangoni nadhani imezeeka, imekufa. Kumbe ilikuwa inangoja tu. Ilifurahi kama mbwa anayemwona bwana wake."

Reino aliutazama mguu wake ndani ya maji.

"Na yangu," akasema mwishowe. "Sijajisikia mzima hivyo tangu misituni. Kisha nikakuona huna meno, nikaona haya."

"Sista atanifukuza. Alisema nikipiga mtu, nahama."

"Basi tutahamia kwenye gari langu. Lina viti viwili."

Winifred alikuja Jumamosi Kuu mchana, amejifunga kitambaa kichwani, uso umemkauka kwa kufunga na kwa hasira. Alikuwa na mayai ya kuchemsha na meno ya Alcide ndani ya kikombe. Akaketi upande wa nje wa vyuma.

"Nilikula mkate na maji wiki nzima," akasema. "Niliungama dhambi zangu na za kuazima. Nimelala barabarani mpaka mgongo ukaganda. Wamewakamata ninyi."

"Nimekosa, Sista."

"Mimi si Sista. Umekosa, ndiyo. Watu wa kiwanda wamecheka mpaka wamelia. Wanasema, kama hao ndio wanaotufundisha amani, acha tutengeneze makombora zaidi." Akaweka kikombe cha meno sakafuni. "Nilikuambia siku utakapompiga mtu utahama."

"Uliniambia."

"Basi umehama. Tangu jana huishi kwangu, unaishi hapa. Neno langu limetimia. Sasa wakikutoa, njoo uombe kitanda kama mgeni mwingine yeyote, na mlangoni nipo mimi, sijawahi kumkataa mtu."

Alcide alishika vyuma kwa mikono yote miwili. Reino akauliza kama yeye naye amehama au vipi.

"Wewe hukuahidi kitu," Winifred akamjibu. "Wewe ni Mlutheri tu." Kisha akainamisha kichwa, na ikachukua muda kabla hawajatambua kwamba anacheka. "Niwaambie jambo. Lundquist aliponifunika lile koti, nilitaka kumng'ata mguu. Ulikuwa karibu kabisa na meno yangu. Nilisali Baba Yetu yote nikiutazama. Kwa hiyo msidhani mko peke yenu."

Jumatatu walipelekwa mbele ya hakimu, mzee aliyekuwa na hamu ya kwenda kuvua samaki. Akasoma shitaka, akalipenda, akalisoma tena. Akawaonya, akawahukumu kuitumikia jamii kwa muda wa miezi mitatu kwa kuwapikia na kuwahudumia maskini.

"Wapi hapa mjini wanakolisha maskini?" akamuuliza karani.

"Nyumba ya Mtakatifu Aleksi, mheshimiwa."

Chumba kizima kikacheka, isipokuwa Winifred, aliyesimama.

"Nakataa," akasema. "Kwangu kumlisha maskini ni upendo. Hakuna serikali itakayomleta mtu mezani kwangu kufanya upendo kama adhabu. Watakuja wakitaka, baada ya kumaliza adhabu yenu mahali pengine."

Hakimu alimtazama mama yule kwa muda, akatazama saa, akamuuliza karani pengine ni wapi. Pengine palikuwa chumba cha chini cha kanisa la Walutheri, ambako akina mama waliwagawia wazee chakula cha mchana.

Hivyo ndivyo Alcide Pelletier, mtoto wa Kapuskasing, ambaye mama yake alimwambia Walutheri wana mikia, alivyofungiwa aproni na Walutheri. Siku ya kwanza alijishika kanda mchana kutwa. Lakini kahawa yao ilikuwa kahawa kweli, nyeusi, na bakuli zao za tambi na nyama zilizookwa zilimfanya anene. Akina mama walimfundisha kutengeneza mikate ya iliki, wakamsahihisha lugha. Aliporudi jioni Nyumba ya Mtakatifu Aleksi, alikoomba kitanda kama mgeni akapewa, aliwaambia wageni kwamba Luther alikosea mengi, lakini jikoni hakukosea.

Reino huko alipata zaidi ya kahawa. Palikuwa na mjane mmoja, Alma Sather, mpana, mcheshi, aliyekuwa na nyumba, tanuri la kuni na viti vya kubembea. Aliuona mguu wa Reino, akauliza ni nani aliyeuhudumia vizuri hivyo. Reino akamwonyesha Alcide kwa kidevu.

"Mkeo?" Alma akauliza, bila kutabasamu.

"Karibu," Reino akasema. "Ananipigia kelele vilevile."

Adhabu ilipokwisha, Reino hakukaa sana mlimani. Walifunga ndoa mwezi wa Oktoba, Alcide akasimama kando yake kama msimamizi, amevaa suti ya marehemu mume wa Alma, mikono ya koti ikimfika kwenye viwiko. Mchungaji aliposema kama yupo mwenye pingamizi na aseme, Reino alimgeukia msimamizi wake akamkazia macho. Alcide akatazama dari.

Usiku wa kwanza baada ya harusi Alcide alikuta chumba kimekuwa kikubwa. Alirudisha viatu vyake juu ya kile kitanda, akavitazama, akaviondoa. Kesho yake alimwambia Winifred ampe mtu, yeyote, hata anayekoroma. Akapewa mchoraji wa mabango kutoka Hibbing, aliyekoroma, akakojoa kitandani, na aliyeamini Alcide ni mpelelezi wa serikali. Alcide alimfulia mashuka akitaja vyombo vyote vya altareni.

Mlango aliushika miaka tisa mingine. Alipigwa mara kadhaa, mara moja kwa kopo la mahindi, na hakurudisha, ingawa alikiri kwa Winifred kila ilipotokea kwamba mikono iliomba ruhusa. Winifred alikamatwa tena hatimaye mwaka themanini na sita, akafungwa, akarudi amekonda na mwenye furaha isiyovumilika. Wakati hayupo, Alcide ndiye aliyeendesha nyumba, na supu ikawa na nyama, jambo ambalo lilimletea Winifred shida kwa wageni aliporudi.

Moyo ulimshinda Alcide mwaka tisini na tatu, mwezi wa Machi. Alilala chumbani kwake, Reino amekaa upande mmoja, Winifred upande mwingine akisali rozari mbiombio kama kawaida yake.

"Sista, punguza mwendo," Alcide akasema. "Siendi popote kabla ya chai."

Alikwenda kabla ya chai. Winifred hakusema kwamba yeye si Sista. Akina mama wa Kilutheri walileta chakula cha msiba kingi mno, foleni ya maskini ikala siku nne. Reino alibeba kichwa cha mbele cha jeneza, akichechemea.

Jioni ya mazishi alibisha mlangoni mtu kutoka Bemidji, ana kikohozi na sanduku lililofungwa kwa kamba. Winifred alipanda ngazi mwenyewe, akabadili mashuka ya kitanda cha Alcide, akafungua dirisha kidogo hewa iingie, akashuka kumwita.